Sauti ya Mkamwana

Mzee Jairo alikuwa amebakiwa na moto mmoja tu, nao haukuwa wake. Ulikuwa wa Tupokigwe, mkamwana wake, mke wa mwanawe Amoni, na uliwaka katika jiko la nyumba ya pili, upande wa pili wa uwanja. Kila jioni moshi ulipopanda juu ya migomba, mzee alijua kwamba kuna mtu mwingine hai pale nyumbani. Siku moshi ulipochelewa alisimama mlangoni akijifanya anatazama mawingu.

Na watu hawa wawili hawakuwahi kusemezana hata neno moja. Kwa watu wa milima ile ya Ileje, mke wa mwana haonani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hasemi naye; akimwona anakuja njiani huingia vichakani, hata kama kichwani ana mtungi uliojaa maji. Ni heshima, wala wazee walioiweka hawakuwa wajinga. Nyumba ikiwa na watu, maneno hayakosi mchukuzi. Mchukuzi wa nyumba ile alikuwa Sekela, mke wa Jairo, aliyekuwa akisema huku na kule mchana kutwa: mwambie hivi, amesema vile, chumvi imeisha, paa linavuja. Sekela alipofariki kwa homa ya mapafu, uwanja ule ukawa mpana kuliko mto Songwe.

Amoni naye alikwishaondoka. Mwaka mmoja baada ya harusi alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Luanshya. Mwanzoni alituma mablanketi na salamu kwa watu waliokuwa wakirudi. Baadaye mablanketi yakakoma, kisha salamu. Tupokigwe hakuwa na mtoto. Alipika, akaweka sahani juu ya jiwe la mlangoni kwa mkwewe, akagonga sufuria kwa mwiko, akaondoka. Jairo alihesabu pumzi chache, akatoka, akala. Baada ya kula alisali kwa sauti, na katika sala yake hakukosa kumwomba Mungu amrudishe Amoni. Sauti ilikuwa kubwa kupita haja, maana Mungu hakuwa kiziwi. Mzee alitaka sala hiyo ivuke uwanja, mtu wa upande wa pili asikie kwamba mumewe bado anangojewa, asije akafunga mzigo wake akaondoka. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mwana alikwishazoea kumkosa. Kukosa na ule moshi aliona hawezi.

Wakati huo kijijini Isongole palikuwa na mashine moja ya kusaga, na mwenyewe alikuwa Kalasinga mmoja wa kilemba na ndevu, aliyetengeneza malori ya jeshi miaka yote ya vita mpaka sikio lake moja likafa kwa ngurumo za injini. Watu walimwita Fundi Mabawa. Nyuma ya mashine, chini ya paa la nyasi, Fundi alikuwa akiunda ndege. Ndege kweli, ya mbao nyepesi na kitambaa cha marekani kilichopakwa rangi ya kukikaza mpaka kikalia kama ngoma, na injini aliyoinunua chakavu akaifumua na kuifunga upya kwa miaka miwili. Watu walicheka sana. Siku pangaboi lilipozunguka kwa mara ya kwanza na upepo wake ukang'oa paa la banda la kuku, kicheko kilipungua.

Ndege iliruka. Fundi aliizungusha mara kadhaa juu ya kiwanja cha majani kilichokuwa upande wa pili wa kilima, akatua salama, akashuka akitetemeka kwa furaha. Lakini alitaka kwenda Tabora kwa kaka yake, na njia ya Tabora hupita juu ya bonde la Rukwa. Rafiki yake mmoja alipotelea huko na ndege yake, hakuonekana hata kipande. Fundi aliapa hatapita pale bila redio inayosikia. Redio alikuwa nazo mbili, za jeshi, moja ya ndani ya ndege na moja ya kukaa chini. Injini ikiwa imezimwa zilisikilizana vizuri. Ikiwashwa tu, redio ya ndege ikawa kikaango cha bisi. Ndiyo maana akamtafuta Mzee Jairo, ambaye vitani alikuwa mtu wa simu ya upepo, akibeba redio mgongoni katika misitu ya Burma. Mvua za kwanza zilikuwa karibu, na kiwanja kikishalowa ndege isingeondoka tena mpaka mwakani.

Kazi yao ilikuwa hivi. Jairo alikaa kwenye kiti cha rubani na visikilizio masikioni. Fundi alisimama kando ya injini inayonguruma, koleo mkononi. Nyuma ya kilima, kwenye chumba cha mashine ya kusaga, mtu wa tatu alikaa na redio ya pili, akaongea bila kunyamaza, ili Jairo apime ni kiasi gani cha maneno kinapenya. Mtu huyo alikuwa Osea, mpimaji unga, ambaye alihesabu moja mpaka mia halafu akaanza tena, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa.

Siku hizo za Osea walihangaika bila mafanikio. Fundi, kwa kuogopa upepo, alikuwa amelaza waya wa antena ndani ya tumbo la ndege, sambamba na nyaya za chuma za kuendeshea mkia. Jairo alimwambia antena iliyofungiwa ndani na vyuma pembeni ni sawa na mtu aliyefunikwa blanketi kichwani. Fundi akabisha, wakagombana kidogo, mwishowe waya ukatolewa nje: kimlingoti kifupi nyuma ya kiti, na kutoka hapo mpaka ncha ya mkia, mbali na injini kadiri ndege ilivyoruhusu. Sauti ya Osea ikaongezeka nguvu. Na kelele nazo zikaongezeka nguvu, maana antena haichagui. Jairo alikuwa na uhakika kwamba tatizo lote ni antena, akaona haya. Fundi hakumcheka, alikwenda kuchemsha chai.

Kisha Osea akaomba ruhusa kwenda kuandaa shamba lake la ulezi, kama wanaume wote wa msimu ule. Asubuhi iliyofuata Fundi alisema amempata mtu mwingine wa kuongea, akawasha injini kabla Jairo hajauliza ni nani.

Siku hiyo walikuwa wamevisha nyaya za plagi soksi za nyuzi za shaba, walizochuna kutoka kwenye kebo kuukuu ya lori, na kuzifunga mwisho wake kwenye mwili wa injini, ili cheche za moto zisipige kelele nje. Jairo alivaa visikilizio. Bisi zilikuwa zimepungua nusu. Katikati ya bisi palikuwa na sauti ya mwanamke, ikipanda na kushuka, ikiimba wimbo wa kanisani. Alifikiri labda ni mke wa mwalimu. Wimbo ukaisha, sauti ikaanza kusema kwa Kindali, lugha ya milima ile. Akapata maneno mawili, akapoteza matano. Halafu jina moja likapenya zima kabisa: Amoni.

Jairo akajua ni mkamwana wake. Tupokigwe alikuwa akichekecha unga pale mashineni, hilo alilijua. Hakujua sauti yake ikoje. Miaka sita walikaa uwanja mmoja, naye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza kutoka nyuma ya kilima.

Alipaswa kuvua visikilizio palepale, hilo halikuhitaji kuulizwa. Mkono ulikwenda sikioni, ukafika, ukabaki hapo. Akajiambia kwamba mwiko ni wa uso na jina, na hapa hakuna uso. Kwamba wazee hawakuijua simu ya upepo. Kwamba hii ni kazi ya watu. Mtu akitaka kula cha mwiko hakosi sababu. Sikio halilali na njaa, na la Jairo lilikuwa limeshinda njaa tangu Sekela azikwe.

Injini ilipozimwa alimuuliza Fundi, kwa sauti ya kutojali, kama yule mama alijua nani anasikiliza. Fundi akasema amemwambia kuwa anasikiliza yeye mwenyewe, na kwamba aseme chochote kwa lugha yoyote, maana hata Kiswahili chenyewe sikio lake linakipata kwa tabu. Alikuwa amewaona wawili hao wakikwepana njiani siku zote, akadhani wana ugomvi wa zamani, akaona afadhali asimtaje mzee. Fundi aliona ametumia busara, na Jairo hakumweleza vinginevyo.

Tangu siku ile mzee alifanya kazi kama kijana. Fundi alishangaa: mtu aliyekuwa anakuja jua limepanda sasa alimkuta mlangoni na umande miguuni. Jairo alisema anaogopa mvua. Ukweli ni kwamba kila kelele aliyoiondoa ilimpa maneno zaidi. Alipotenga nyaya za betri ya redio na nyaya za injini, alisikia kwamba Tupokigwe hapendi unga wa mashine, una harufu ya mafuta. Alipogundua kwamba waya wa kuzimia magneto, kile kidude kinachozalisha cheche, ulipita nyuma ya ubao wa vipimo mbele ya rubani, shibri moja tu kutoka kwenye redio yenyewe, alicheka peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Waliuvisha nao soksi ya shaba wakaupitisha upande mwingine, na mchana huo akamsikia akisimulia jinsi Sekela alivyomfundisha kufinyanga, na jinsi anavyomkumbuka wakati wa kupalilia, kwa sababu Sekela alikuwa akiongea shambani hata na magugu. Mzee alilia, machozi yakaloanisha mpira wa visikilizio. Fundi akadhani ni moshi wa injini, akampa kitambaa.

Ilibaki mikwaruzo midogo, isiyokuwa na mpangilio, inayokuja na kupotea kila ndege ilipotikisika. Hapo Jairo alijua jibu. Ndege ya mbao haina mwili wa chuma wa kuunganisha vyuma vyake. Kila bolti na kila waya huishi peke yake, na vikigusana kwa mtikisiko vinagombana, redio inasikia ugomvi wote. Walikata vipande vya shaba, wakaunganisha injini na nyaya za mkia, nyaya na bawaba, bawaba na mguu wa redio, mpaka vyuma vyote vikawa ndugu. Kazi hiyo iliwachukua sehemu kubwa ya juma.

Injini ikawashwa. Jairo akavaa visikilizio. Mbele yake pangaboi lilizunguka na ndege nzima ilitetemeka, lakini masikioni mlikuwa kimya kama ndani ya kanisa siku ya kazi. Halafu Tupokigwe akavuta pumzi, na mzee akaisikia hata ile pumzi.

“Nimemaliza nyimbo zote, Fundi,” alisema kwa Kindali. “Leo nitakwambia jambo, kwa kuwa hulisikii. Amoni hatarudi. Ana mke kule Luanshya, na watoto wawili. Aliyeniambia amekula kwenye nyumba yao. Nimelijua hili tangu mavuno ya mwaka jana, na sina wa kumtuma amwambie baba yake. Na kama ningekuwa naye nisingemtuma. Kila jioni mzee anasali Amoni arudi. Anapaza sauti ili nisikie. Mimi najua haombi Amoni arudi, anaomba mimi nisiondoke. Mama yangu anaumwa kule ng'ambo ya Songwe, ameniita mara mbili. Nataka kwenda kwetu, Fundi. Nataka kukaa mahali ambapo mtu ananiita jina langu. Lakini nikiondoka bila ruhusa watasema nimetoroka, na ruhusa siwezi kuiomba. Na nikiondoka, yule mzee atakula nini? Namwonea huruma mtu ambaye sijui hata uso wake.”

Kilicho moyoni ulimi huiba. Jairo alikaa na mikono juu ya magoti. Alimpoteza mwanawe pale kwenye kiti cha ndege, injini ikinguruma, na hakuwa na hata mtu wa kumwambia pole. Fundi aliinua mkono kuuliza hali. Mzee akatikisa kichwa: bado kuna kelele.

Ulikuwa uongo, na haukuwa wa mwisho. Siku iliyofuata aliwahi kabla ya Fundi, akalegeza kipande kimoja cha shaba chini ya kiti, mikwaruzo ikarudi. Akajitetea moyoni kwamba asichokisikia vizuri hakijasemwa. Maadamu redio inakwaruza Fundi hataondoka, Tupokigwe ataendelea kuongea, jioni moshi utapanda, sahani itakaa juu ya jiwe. Aliishi hivyo siku chache, na tuseme kweli, hakuwa na raha hata moja. Jioni alipofumba macho kusali alikuta hawezi kulitaja jina la Amoni. Alinyamaza, na upande wa pili wa uwanja mtu naye alikuwa amenyamaza, akingoja sala ambayo haikuja. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya kusikiliza. Alikuwa amemfungia binti wa watu ndani ya heshima kama mbuzi kambani, akaita jambo hilo ukoo.

Asubuhi yake wingu jeusi lilikuwa limekaa upande wa Nyasa. Fundi alitazama juu, akasema kama leo haifai basi ataifunika ndege kwa turubai mpaka mwakani. Alisema bila lawama, na Jairo alishindwa kumtazama. Akainama chini ya kiti, akakikaza kile kipande cha shaba mpaka bisibisi ikamkata kidole.

Injini ikawashwa. Sauti ya Tupokigwe ilikuja safi, ikihesabu moja, mbili, tatu, kama mtu aliyechoka kusema ya moyoni. Jairo alichukua kipaza sauti. Katika vita aliwahi kutuma ujumbe huku risasi zikikata majani juu ya kichwa chake, na hakuona ugumu kama huu.

“Tupokigwe,” alisema.

Kuhesabu kukakoma. Kimya kikawa kirefu, na hakuna kelele yoyote ya kukijaza, maana alikwishaziondoa zote kwa mikono yake.

“Ni mimi, baba yake Amoni. Nimekuwa nikisikia. Kosa ni langu, si la Fundi wala si lako. Nenda kwenu, mwanangu. Nenda leo, mvua haijajaza mto. Sikukufukuza, wala hukutoroka; nimekuruhusu mimi. Ng'ombe walioletwa kwenu ni wa kwenu, na atakayesema jambo atakuja kulisema kwangu.”

Alingoja. Alifikiri ameondoka, au ameanguka. Kisha sauti ikaja, ndogo, karibu sana na sikio lake.

“Utakula nini, baba?”

Katika maneno yote yaliyopita kwenye waya ule, hayo ndiyo yaliyomvunja. Akamwambia kwamba jeshini alikuwa akipika. Akasema uongo kwamba alikuwa akipika vizuri. Akamsikia akicheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani yake, na akajua kwamba akiendelea kusikiliza atamwomba abaki. Akamuuliza jina la mama yake, ili amtaje kwenye sala. Tupokigwe akalitaja. Akamuuliza njia atakayopita. Akaeleza. Walisemezana hivyo, mambo ya njia na mto na mzigo, mpaka Fundi, aliyekuwa haelewi kwa nini jaribio limegeuka mazungumzo, akaashiria kwamba petroli inaisha.

Mchana Jairo alikaa kwenye kiti cha ndege, injini imezimwa, akatazama mteremko. Tupokigwe alitokea nyuma ya kilima na mzigo kichwani. Njia fupi ya kwenda mtoni ilipita kando ya kiwanja, hatua chache tu kutoka kwenye bawa. Alifika pale inapogawanyika, akajifunika kanga kichwani hadi usoni, akashika ile ndefu inayozunguka mashamba. Alimpa mkwewe heshima yake yote mpaka mwisho. Jairo aliona mgongo wake mpaka mabua makavu ya mahindi yalipomficha.

Fundi alirudi na madebe ya petroli, akaanza kumimina huku akiimba kwa lugha ya kwao. Alitaka kuondoka alfajiri, lakini hakumwamini mtu kwa neno moja. Akazungusha pangaboi, akaiacha injini ingurume, akampigia mzee ishara avae visikilizio kwa mara ya mwisho, asikilize kwa makini kama umebaki hata mkwaruzo mdogo.

Jairo akavaa. Nyuma ya kilima redio ya pili ilikuwa imewashwa, na mbele yake hapakuwa na mtu. Alisikiliza muda mrefu, kuliko kazi ilivyohitaji. Fundi akamsogelea, akamwinamia na sikio lake zima, akamuuliza anasikia nini.

“Hakuna kitu,” alisema Mzee Jairo. “Hakuna kitu kabisa.”

Fundi alimpiga begani kwa furaha, akakimbia kwenda kufunga mizigo yake.